Babu Elia kwenye Senti ya Shaba

Kila msimu wa mvua, karibu na soko hapa Njombe mjini, akina mama hupanga ndoo zao za ulanzi pembeni mwa njia, nami hupita pale nimebana pumzi. Wenzangu wa kwaya hunicheka. Wanadhani najifanya mtakatifu, kwamba hata harufu ya pombe ya mianzi inanitia hofu ya kutengwa na kanisa. Si hivyo, jamani. Ulanzi mbichi haunisumbui, ule mtamu ambao hata watoto huonjeshwa. Kinachonitesa ni ule uliolala, mkangafu wenyewe, unaochoma pua kabla hujaufikia. Nikiisikia tu harufu yake, naiona senti ya Bibi ikitolewa kwenye bakuli, nyekundu, inang'aa, nami narudi siku ile nikiwa darasa la nne.

Nimelikalia jambo hili miaka mingi, na ningeendelea kulikalia kama lisingenirudia mwaka huu kwa namna iliyoniacha mdomo wazi. Nimeona niwaambie ninyi, maana ndugu zangu nikiwaambia wanaanza kugombana.

Tuliishi Kifanya, kwa Bibi mzaa baba, kwenye nyumba ya bati iliyozungukwa na miti ya miwati upande mmoja na viazi upande mwingine. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tulimsikia ng'ombe kabla ya kumwona. Jiko lilikuwa nje, jeusi kwa moshi, na juu ya mafiga palikuwa na dari ya fito ambapo Bibi alihifadhi mbegu za mahindi, chumvi, na kopo moja la majani ya chai ambalo halikuwa na majani ya chai. Ndani ya kopo hilo, kwenye kitambaa, ilikaa senti ya Babu Elia.

Babu Elia alikuwa baba yake Bibi. Mimi sikumkuta, lakini nilimjua kuliko nilivyowajua majirani. Alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye mashamba ya miwati, na Bibi alisema hakukuwa na mtu mwenye adabu kama yeye kutoka Njombe mpaka ziwani. Alipiga magoti kumsalimia kila aliyemzidi umri. Alipiga magoti kupokea mshahara. Ulipofika wakati wa mzungu kurudi kwao, akamwita Elia barazani, akamwekea senti hiyo mkononi, akamwambia: hii ni kwa ajili yako. Na ukiitazama senti, kweli, alikuwa yeye. Mtu mweusi, goti moja chini, viganja vimekutana, uso ameuinua, anasalimia.

Sisi tuliamini. Kwa nini tusiamini? Ilikuwa kubwa kama kizibo cha soda, nyeusi tii, na ukipitisha kidole uliligusa goti lake na mikono yake. Upande wa pili palikuwa na mikono miwili iliyoshikana. Bibi alisema huo mmoja ni wa mzungu na mwingine wa baba yake, wakiagana. Kuzunguka ukingoni palikuwa na vinundu vinundu, navyo Bibi alisema ni pambo tu, kama ukindu unavyozungushwa kwenye mdomo wa kikapu. Niliwatambia sana watoto wenzangu shuleni kwamba babu wa bibi, sorry, baba wa bibi yangu yumo kwenye hela. Kijana mmoja mkorofi aliniuliza hela hiyo inanunua nini. Nikamjibu hainunui kitu kwa sababu ni ya heshima. Nikatembea wiki nzima nimeinua kidevu.

Senti ile haikuoshwa kamwe. Vitu vya wazee kwetu havikuoshwa, vilipakwa mafuta. Bibi aliipaka mafuta ya nyonyo kila ilipotolewa, kama alivyofanya mama yake kabla yake, kisha ikarudi kwenye moshi. Mafuta na masizi yalikuwa yameshikana juu yake tangu enzi hizo, na hakuna aliyejua kilichokuwa chini yake.

Ilikuwa na kazi moja tu. Msichana wa nyumba ya Bibi akija kuposwa, aliingia mbele ya wageni, akapiga magoti, akawasalimia akiwa ameibeba senti kwenye viganja. Halafu senti ilizungushwa mkono kwa mkono, na Bibi akasimulia habari za baba yake, ili wageni wajue wanachukua mtoto kutoka kwenye nyumba gani. Bibi mwenyewe aliposwa hivyo. Shangazi zangu wakubwa waliposwa hivyo. Aliyebaki alikuwa Shangazi Atu.

Shangazi Atu alikuwa mdogo wake baba, kitinda mimba, na mimi nililala naye kitanda kimoja kwa hiyo siri zake zote zilikuwa zangu. Alikuwa amejifunza upishi na usafi kwa masista kule Uwemba, akarudi na ugonjwa wa kusugua. Alisugua meza, alisugua milango, alisugua miguu yetu kwa jiwe mpaka tukalia. Watu walishaanza kusema kwamba umri unampita. Ndipo akatokea Danieli, muuza vipuri vya magari kutoka Makambako, mrefu, mcheshi, ambaye kila akija Kifanya alileta mkate uliofungwa kwenye karatasi. Shangazi alimpenda mtu yule. Aliimba akiosha vyombo, aliimba akimenya viazi, hata usingizini nilimsikia akicheka. Aliniambia nikikua nitakwenda kukaa nao Makambako nione treni. Nami nikampenda Danieli kwa sababu ya treni.

Siku moja kabla ya wageni kuja kuposa, nyumba yote iligeuzwa juu chini. Shangazi alitaka sufuria zing'ae, na dawa ya masufuria ilikuwa majivu yaliyochanganywa na ulanzi mkangafu. Ulanzi huo uliingia nyumbani kwetu kwa mlango wa nyuma, ndani ya mbeta, lile pingili la mwanzi wanalogemea. Bibi, ambaye mumewe alikufa akiwa mzee wa kanisa, alitazama upande mwingine na kusema tu kwamba mbona leo upepo unanuka.

Masufuria yalipokwisha, Shangazi akaleta kopo kutoka darini.

"Mama, na Babu naye aoge," alisema. "Wageni wa mjini hawa. Wataona kitu cheusi kimejaa mafuta, watasema tunafuga uchafu."

Bibi alisita. "Baba hajawahi kuogeshwa, Atu. Hupakwa mafuta tu."

"Mara moja tu, mama. Apendeze siku yangu."

Bibi hakuweza kumkatalia. Senti ikatumbukizwa kwenye bakuli la mkangafu, ikalala humo wakati tukipiga deki, na Shangazi alipoitoa na kuisugua kwa majivu, wote wawili tulipiga kelele. Ilikuwa nyekundu! Nilidhani senti ni nyeusi kwa asili, kama makaa. Sasa Babu Elia alitoka pale na pua, na macho, na nywele, na hata mbavu zake zilionekana. Vile vinundu vya ukingoni vilikuwa herufi, zimemzunguka kichwani kama upinde. Shangazi hakuwa na muda wa herufi. Alikuwa akitazama mikono.

"Mama! Kumbe Babu alivaa bangili! Na mkufu mrefu huu hapa!"

Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, haoni vizuri. Alipitisha kidole juu ya senti, polepole, akacheka mpaka akashika mbavu. "Alipenda kujipamba baba yangu," alisema. "Mama alikuwa akilalamika."

Mimi niliitazama. Bangili zilikuwa mikononi na kwenye kifundo cha mguu. Mkufu ulianzia kwenye mkono ukashuka mpaka mguuni. Sikuwahi kumwona mtu aliyevaa mkufu wa namna hiyo, lakini sikuwahi pia kumwona mpishi wa mzungu. Nikaona ni mambo ya kizamani.

Wageni walifika kesho yake kwa pikapu, magurudumu yamejaa tope. Alikuja Danieli, na shangazi zake wawili waliovaa vitenge vinavyofanana, na msemaji wao, Mzee Aloni, baba yake mkubwa Danieli. Mzee huyo aliwahi kufundisha Kiingereza shuleni, na bado alitembea kama anakagua mistari ya wanafunzi. Tulisalimiana kamwene, kamwene, mpaka kila mtu akaridhika. Wakakaa. Jikoni kulikuwa na wali, jambo la sikukuu kwetu, na jogoo wawili. Mimi nilikaa mkekani karibu na mlango, kwa sababu nilikuwa nimepewa kazi ya kuwanawisha wageni mikono.

Shangazi Atu akaingia. Alikuwa amevaa gauni la kijani aliloshona mwenyewe. Alipiga magoti katikati ya sebule, akainua viganja vyake vilivyobeba senti, akasalimia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, ndogo na safi. Shangazi mmoja wa Danieli aliguna kwa kuridhika. Senti ikachukuliwa kutoka mikononi mwake, na Bibi akaanza kusimulia.

Alisimulia vizuri kuliko siku zote. Alifika kwenye magoti, akafika kwenye mshahara, akafika barazani kwa mzungu. Wale wanawake wawili waliigeuza senti, wakasema imetulia, wakampa Mzee Aloni. Mzee akavaa miwani. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akaigeuza upande wa mikono. Akairudisha upande wa mtu. Bibi alikuwa bado anaendelea, amefika kwenye bangili sasa, anacheka, anaeleza jinsi baba yake alivyopenda kujipamba.

"Mama," Mzee Aloni alisema. "Nisamehe. Nani alikuambia maneno haya?"

"Baba yangu mwenyewe."

"Mama, huyu mtu amefungwa minyororo."

Sijui niwaelezeje. Kuna namna ya kushtuka ambapo mtu anapiga kelele, na kuna ile ambapo hewa inaondoka chumbani. Wale wanawake waliinuka, Danieli akainuka, baba yangu akainuka, wote wakainamia kiganja cha mzee, na nilipojipenyeza kati ya viuno vyao nikaitazama tena ile senti niliyolala nayo akilini usiku kucha, nikaona. Hakukuwa na mkufu. Hakukuwahi kuwa na mkufu. Pete baada ya pete za mnyororo, mkono hadi mkono, zimeshuka hadi mguuni. Niliwezaje kutoona? Macho yangu yalikuwa mazima. Yalikuwa yameona kile yalichoambiwa yaone, na sasa hata ningebembelezwa nisingeweza kuziona tena zile bangili.

"Na hapa upande wa mikono," Mzee Aloni aliendelea, taratibu, kama anasoma somo, "limeandikwa kwa Kiingereza neno utumwa, mengine yote yamelika, hayasomeki. Basi huyu mzee wenu alikuwa mtumwa."

Lazima niwaeleze neno hilo lilikuwa na uzito gani, maana vijana wa sasa wanalitumia kwa utani. Zamani za vita na njaa, watu walitekwa huku nyanda za juu. Wengine walipelekwa pwani wasirudi. Wengine walibaki palepale kwenye nyumba za waliowateka au kuwanunua, wakapewa majina ya ukoo, wakaoa, wakazaa. Hakuna aliyewataja. Lakini ukiwa na ugomvi wa shamba, au mtoto wako akitaka kuoa pazuri, ungesikia watu wakinong'ona: wale ni watu wa kununuliwa. Watu waliomba pamoja kanisani, wakashiriki meza moja ya Bwana, na bado walijua nani ni nani.

Nilimtafuta Shangazi. Kila mtu alikuwa amesimama, na hakuna aliyekumbuka kumwambia ainuke. Alikuwa bado amepiga magoti katikati ya sebule, viganja vimekutana vile vile, vitupu sasa, uso ameuinua kumtazama Danieli. Hata mimi sikumvuta mkono ainuke.

Wageni walitoka nje kunong'onezana. Waliporudi, Mzee Aloni alisema kwa upole mkubwa kwamba mvua inakuja na barabara ya Makambako si nzuri, kwa hiyo watapanga siku nyingine ya mazungumzo. Hawakuwa wametaja kilichowaleta. Hawakunawa. Kutoka nyumbani kwa mtu bila kugusa chakula alichopika kwa ajili yako, kwetu ni bora umtukane. Danieli alikuwa wa mwisho kutoka. Alitazama viatu vyake mpaka akafika kwenye pikapu.

Wali ule tuliula sisi, na mimi niliyekuwa nikiuota tangu Jumatatu sikusikia ladha yoyote.

Bibi hakulia. Aliketi kwenye kigoda chake cha jikoni, senti kwenye mapaja, akaipapasa kwa kidole, sasa akijua kidole kinapita juu ya nini. "Alinificha," alisema. "Baba alinificha, mimi mtoto wake." Aliyasema hayo siku ile na siku nyingine nyingi. Kilichomuumiza Bibi si utumwa, nadhani, ila ni ule uongo. Mtu aliyemwamini kuliko wote duniani alimtazama usoni akamwambia ni mtu anayesalimia. Hata mimi mtoto niliona ameshuka bega. Hakusimulia tena habari za Babu Elia, na sisi hatukuthubutu kuziulizia.

Siku ya mazungumzo haikuja. Danieli alioa mwaka uliofuata, msichana wa kwao kwao. Shangazi Atu naye akaenda Makambako, lakini peke yake, akapata kazi ya kupika kwenye hosteli, baadaye akafungua mgahawa wake mdogo karibu na stesheni. Hakuolewa. Nilikwenda kumtembelea, nikaiona treni, na haikunifurahisha kama nilivyotarajia. Nilijiambia maneno ambayo ukoo mzima ulijiambia: wale watu walimkataa Atu kwa sababu ya mnyororo wa Babu.

Bibi alipofariki nilikuwa mtu mzima. Tulifungua sanduku lake la bati, na senti ilikuwemo, ndani ya kitambaa, nyeusi tii. Nilipoishika, kidole kiliteleza. Alikuwa akiendelea kuipaka mafuta miaka yote ile bila kumwambia mtu. Sijui alikuwa anaificha minyororo au anaipoza. Wengine waliogopa kuichukua, nikaichukua mimi.

Sasa njooni mwaka huu. Binti yangu Rehema yuko sekondari, na mwalimu wao aliwaambia walete kitu cha kale kutoka nyumbani. Nikamwonyesha senti, nikamwambia habari yake kwa ufupi, nikijikaza. Yeye akaifuta kwa kitambaa, akaipiga picha kwa simu, akaitupia mtandaoni aone kama kuna inayofanana nayo. Mimi nilikuwa nachambua mboga.

"Mama," akasema, "njoo uone. Wako wengi."

Nikasogea. Jamani! Babu Elia alikuwa amejaa kwenye kioo cha simu. Babu Elia mwekundu, Babu Elia wa kahawia, Babu Elia aliyesuguliwa goti, Babu Elia aliyetobolewa tundu la kupitishia kamba. Goti lile lile, uso ule ule, minyororo ile ile, anauzwa na wakusanyaji wa vitu vya kale kama vizibo vya soda. Nilikaa chini. Mboga zilimwagika na sikuziokota.

Rehema ndiye aliyenisomea, akinitafsiria palipokuwa pagumu. Senti hizi si pesa za serikali yoyote. Zilitengenezwa Uingereza mwishoni mwa karne ya kumi na nane, wakati chenji ilipokuwa adimu kule, ikabidi wenye maduka na wenye migodi wajipigie shaba zao wenyewe za kurudishia wateja. Shaba hiyo ilipita kila mfuko, ya tajiri na ya mchukuzi, na wanasiasa hawakuchelewa kuona faida yake. Kama sisi tunavyovishwa fulana na kofia wakati wa kampeni, wao walitiwa siasa mfukoni. Rehema alinionyesha nyingine ambazo zilinitoa jasho: mtu ananing'inia kitanzini, ili wapinzani wa serikali wajue kinachowangoja, punda ameelemewa na mizigo, ili maskini wajue wanavyofanyiwa. Asiyejua kusoma aliiona picha na ujumbe ukamfika. Na hii yetu ilitolewa na waliopinga biashara ya watumwa. Zile herufi za upinde zilikuwa swali analouliza yule mtu aliyepiga goti: Je, mimi si mwanadamu, na ndugu? Na nyuma, kwenye mikono iliyoshikana, yalikuwa maombi kwamba utumwa na uonevu ukome duniani kote.

Mtu yule hakuwa na jina. Alichorwa na fundi ili awashtue watu wanaotia kwenye chai sukari iliyolimwa na watumwa. Alikuwepo kwenye shaba zaidi ya miaka mia moja kabla Elia hajazaliwa.

Usiku ule sikujua nicheke au nilie. Nilimkasirikia yule mzungu. Aliitoa wapi, na alikuwa na maana gani kumwekea mpishi wake mkononi mtu mweusi aliyefungwa minyororo na kumwambia, hii ni kwa ajili yako? Pengine aliona ni wema. Pengine hakufikiri kabisa, na hilo ndilo linanichoma zaidi. Lakini juu ya hasira ilikuwepo furaha, tena furaha ya kuruka. Elia hakudanganya! Alipewa kitu na mwajiri wake, akaona mtu anayesalimia kama watu wa kwao wanavyosalimia, akaamini. Hakuwa mtumwa. Sisi hatukuwa watu wa kununuliwa. Bibi alikufa bure na uchungu ule, lakini Shangazi Atu yuko hai, nami nitakuwa mtu wa kumpelekea habari hiyo.

Nilikwenda Makambako Jumamosi. Shangazi amezeeka sasa, magoti yanamsumbua, lakini mgahawa wake bado ni msafi kiasi cha kuogopa kukanyaga. Tuliketi nyuma, akiwa anachagua mchele. Nilimweleza kila kitu, haraka haraka, nikimwonyesha picha kwenye simu, na nilipofika mwisho nikamshika mkono.

"Shangazi, hakuwa mtumwa. Unasikia? Wangejua hivyo, leo ungekuwa na Danieli."

Aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Danieli alirudi," alisema. "Jumapili iliyofuata alinisubiri nje ya kanisa. Alisema baba yake mkubwa amelegea kidogo. Akaniambia, Atu, wewe sema tu kwamba senti mliiokota. Sema huyo mtu hamumjui, na mimi nitakuoa."

Nikaweka simu chini. "Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia namjua. Ni babu yangu."

Nilimtazama mwanamke huyu niliyelala naye kitanda kimoja, niliyedhani siri zake zote zilikuwa zangu. Miaka yote tulimhurumia kama mtu aliyekataliwa. Aliambiwa amkane mtu aliyefungwa ili apate alichokitaka kuliko vyote, akiwa bado anaamini kwamba kweli ni mtumwa, naye hakumkana.

"Lakini Shangazi," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya kuomba, "si babu yako. Si wa mtu yeyote. Alichorwa tu."

"Waliofungwa hivi kweli walikuwa wangapi?"

"Wengi mno. Hawahesabiki."

"Basi ni wa mtu," alisema Shangazi Atu. "Ila wenyewe hawajui kwamba yuko hapa." Akafuta mkono kwenye kanga, akaunyoosha, nikampa senti. "Atakaa kwangu. Wewe utakula wali?"

Nilikula. Nilikuwa nimetoka Njombe mpaka Makambako nimebeba habari kwamba sisi ni wasafi, nikiimba moyoni. Mtoto wa darasa la nne alidhani aibu ya siku ile ilikuwa kwenye senti, na mimi mtu mzima, mpaka Jumamosi ile, nilikuwa bado nadhani hivyo. Yule mtu alikuwa ameuliza swali lake sebuleni kwetu, mbele ya Wakristo watupu, na mtu mmoja tu kati yetu ndiye aliyemjibu.